Faini ya barabarani lazima bima ijue, ajenti asikujazie "hapana"

Kwa Mhariri,

Kuna swali moja kwenye fomu ya bima ya gari ambalo huku Nakuru watu wengi hawajawahi kulisoma, na bado jibu lake liko kwa faili ya kampuni na sahihi yao iko chini. Linauliza hivi, wewe ama mtu yeyote atakayeendesha hii gari amewahi kupatikana na hatia ya kosa la barabarani, ama ana kesi inamngoja kortini? Kampuni zingine zinauliza miaka mitano iliyopita, zingine mitatu, zingine hazitaji miaka kabisa. Mbele ya swali kuna visanduku viwili, ndio na hapana, na ajenti ameshatia tiki kwa hapana hata kabla umtumie picha ya logbuku.

Mimi niko na duka la spea hapa Nakuru, na duka la spea ni mahali watu hukaa. Gari iko kwa fundi hapo nje inafungwa brek pedi, mwenyewe amekaa kwa benchi anangoja, tunaongea. Wateja wangu ni watu wa Probox, watu wa Canter za viazi, watu wa matatu za Njoro na Molo, na wengine wanaoshuka mpaka Kisumu na Busia kila wiki. Kwa hivyo stori za bima nazisikia sana, na hizi za karibuni zimenisumbua mpaka nikaona niwaandikie, juu sijaona mahali pameelezwa hili jambo kwa lugha ambayo mwenye Canter atasoma mpaka mwisho.

Siku hizi bima ni kitu ya simu. Unamwandikia ajenti kwa WhatsApp kwamba stika inaisha kesho, anakuitisha picha ya logbuku na kitambulisho na PIN ya KRA, unatuma M-Pesa, cheti kinaingia kwa simu na trafiki akikusimamisha pale Salgaa unamwonyesha, mnaachana. Hiyo ni maendeleo na siipingi. Lakini ile fomu yenye maswali haijaenda popote, bado iko, na mtu lazima aijaze, na kama si wewe uliyeijaza basi ni ajenti, ambaye hakujui vizuri na hamjui dereva wako hata kidogo, na anachotaka ni biashara iingie kabla ya saa kumi jioni. Akikuuliza hayo maswali yote utamwambia ngoja nifikirie, halafu utaenda kwa ajenti mwingine asiye na maswali. Hivyo ndivyo hapana zinavyojazwa.

Wacha niwaambie ya mzee mmoja wa mtaa wetu. Ni mtu mnyoofu, mtu wa kanisa, ana Canter moja inayotoa viazi Molo kupeleka Kisumu. Dereva wake alikuwa ameshikwa mwaka uliotangulia, aliovateki kwa kona mahali hapafai, akapelekwa kortini, akakubali makosa, mzee mwenyewe akatoa pesa ya faini ili gari irudi kazini na mambo yakaishia hapo, kila mtu akasahau. Bima ilipoisha ajenti akairenew, hapana juu ya hapana. Baada ya miezi kadhaa dereva yule yule akamgonga kijana wa boda wakiteremka kutoka Mau Summit, mguu ukavunjika vibaya. Mzee hakuogopa sana, akasema bima iko. Kampuni ikatuma mpelelezi, akaenda kituo cha polisi, akaenda mpaka rejista ya korti, akarudi na rekodi ya ile faini. Kutoka siku hiyo simu za mzee hazikushikwa tena vile zilikuwa zinashikwa, halafu ikaja barua ya wakili ikisema mteja alificha jambo muhimu wakati wa kuchukua bima na kampuni inajiondoa.

Mzee anasema yeye hakuficha kitu, na mimi namwamini, hakuna mtu alimuuliza. Lakini sahihi ni yake.

Na hapo ndio watu wengi hawaelewi sheria yetu iko namna gani. Sheria yenyewe ni Sura ya 405, ile ya bima ya thadi pati, ndio inafanya iwe kosa kutoa gari barabarani bila bima. Nia yake ni nzuri kabisa, kwamba mtu akigongwa alipwe hata kama mwenye gari hana kitu. Korti ikishaamua, kampuni inapaswa kulipa, mwisho wake shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Lakini kifungu cha 10 cha hiyo sheria kinaipa kampuni nafasi ya kutoka. Ikifungua kesi yake kabla ya ile ya majeruhi, ama ndani ya miezi mitatu tangu ya majeruhi ianze, na ionyeshe kwamba bima ilipatikana kwa kunyamazia jambo muhimu ama kwa kusema kitu ambacho si kweli, korti inaweza kutangaza kwamba hiyo kampuni haina deni. Jambo muhimu ni lipi? Ni lile ambalo kampuni makini ingelijua ingefikiria tena kama ikuchukue, ama ikuchukue kwa bei gani. Dereva aliyepatikana na hatia ya kuovateki vibaya, nionyesheni wakili atakayesimama aseme hilo si muhimu kwa mtu anayeuza bima ya lori.

Ukiwa na komprehensivi, ile bima inayolipa mpaka gari yako, ni rahisi zaidi kwao, kwa gari yako mwenyewe hawana haja ya kukimbilia korti kwanza, wanakuandikia barua tu kwamba klemu imekataliwa na wewe ndio utawatafuta.

Sasa fikirieni huyo kijana wa boda. Hakuwa kwa ule mkataba, hakuona fomu, hajui ajenti ni nani. Tangazo la korti likitoka inabidi amfuate mzee wa Canter moja, na hata akishinda ataambiwa nini, uza Canter? Watu wakisema kuficha kosa ni siri kati yako na kampuni mimi hukasirika, juu anayeumia kwanza ni mtu alikuwa anapita barabarani na shughuli zake. Na sisi watu wa hii barabara tunajua inakula watu kiasi gani. Migaa tarehe 31 Desemba 2017 walikufa watu 36 basi na lori zikigongana. Londiani Junction tarehe 30 Juni 2023 lori moja iliacha njia ikaingia kwa wauzaji na abiria, wakafa zaidi ya 50. Sisemi hizo zilikuwa na shida ya fomu, sijui mambo ya bima zao. Nasema tunaishi mahali ambapo hiyo bima siku moja itaitwa ifanye kazi.

Kuna mambo ambayo watu hukosea kila mara kwa hii stori na ningependa yaandikwe vizuri. La kwanza ni kwamba "nililipa faini, imeisha". Imeisha kwa korti, haijaisha kwa bima. Ile asubuhi mnasimama kwa laini mbele ya hakimu, karani anasoma shtaka, unasema ni kweli, unalipa, unatoka mbio uende kazini, hapo umepatikana na hatia. Haijalishi ilichukua dakika mbili. Kukubali makosa ndio hatia yenyewe, na kesi siku hizi ziko kwa kompyuta ya mahakama na si kwa daftari iliyoliwa na panya. Hata zile faini ndogo za kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016, simu kwa usukani shilingi 2,000, mkanda shilingi 500, spidi kupita kiwango kwa kilomita 16 mpaka 20 shilingi 10,000, ukikubali notisi na kulipa umekubali kosa. Je, kampuni itajali ya mkanda? Kwa maoni yangu nyingi hazitajali, lakini swali linasema kosa la barabarani bila kubagua dogo na kubwa, kwa hivyo jibu uandike halafu wao ndio waseme haina neno.

Halafu kesi ambayo bado inaendelea pia inaulizwa. Umelipa keshi beli, umepewa tarehe, hujaenda, hiyo bado ni kesi. Watu wanadhani mpaka hakimu aseme ndio kitu kiwepo. Soma swali, linasema "ama ana kesi inamngoja".

Parking ya kanjo na kufungiwa gurudumu mjini siyo hayo, hiyo ni ada ya kaunti, usijisumbue.

Lakini kubwa kuliko yote ni dereva. Fomu haiulizi wewe tu. Mwenye gari anaweza kuwa mama wa shule ya msingi hajawahi hata kupigiwa honi, lakini gari inaendeshwa na mtu mwingine, na hao ndio wateja wangu wengi. Kwa matatu ndio kabisa, dereva wa asubuhi ni mmoja, saa sita anampa skwodi, dereva wa kumshikilia, apige trip mbili wakati yeye anakula, jioni kuna mwingine, na mwenye gari yuko Kakamega anangoja pesa iingie kwa simu. Sasa huyo skwodi alishikwa lini, alilipishwa nini, leseni yake iko namna gani, nani anajua? Fomu inasema "kwa ufahamu wako", ni kweli, na hiyo inakusaidia kidogo kama kweli hukujua, lakini dereva uliyemlipia faini kwa mkono wako huwezi kusema hukujua. Ushauri wangu kwa wenye matatu na malori ni kabla dereva ashike ufunguo muulize, mwambie aandike, aweke sahihi, umewahi kushtakiwa lini na wapi. Hata sako za matatu zingefanya hivyo kwa madereva wote wa laini na kuweka faili moja ingesaidia sana, mbona cheti cha tabia njema tunaitisha?

Najua kuna kitu mtaniuliza, juu dukani huniuliza kila siku. Yule aliyetoa kitu kidogo barabarani hana rekodi yoyote, anajaza hapana na ni kweli tupu kwa makaratasi, lakini yule aliyekataa kuhonga akaenda kortini kama raia mwema ndiye sasa anaambiwa ajitangaze na pengine aongezewe bei. Hiyo inaniuma na sitajifanya haiko. Ni kweli mfumo wetu unamlipisha mnyoofu mara mbili. Lakini dawa yake haiwezi kuwa yule mnyoofu naye aandike uongo, juu yeye ndiye ana rekodi ya kupatikana nayo. Aliyehonga hakuna karatasi ya kumfunga, wewe iko. Wale wa kurekebisha hilo ni kampuni, zisimchape mtu bei kwa faini moja ya spidi ya miaka minne iliyopita sawa na yule aliyeendesha akiwa amelewa, ambalo ni kosa la faini mpaka shilingi 100,000 ama jela miaka miwili, na ni haki litajwe kwa sauti.

Binamu yangu anaishi Leicester, Uingereza, na tulipoongea juu ya haya akaniambia kwao ni jambo la kawaida kabisa. Ukishikwa na kamera ya spidi unaletewa notisi, kawaida pauni 100 na pointi 3, pointi zinakaa kwa rekodi ya leseni miaka minne, ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu kawaida unazuiwa kuendesha. Kampuni za bima huko kwa kawaida zinauliza miaka mitano ya nyuma, na zinaweza kuangalia rekodi ya leseni yako, kwa hivyo kudanganya hakukufikishi mbali. Watu wanasema, wanalipa zaidi kidogo, maisha yanaendelea.

Na kuna jambo lingine kutoka huko ambalo ndilo hasa nataka wakubwa wetu walisikie. Hii kanuni ya kwamba mwenye kuchukua bima lazima aseme kila kitu muhimu hata asipoulizwa ni yao, sisi tulirithi. Ilitiwa nguvu na Jaji Mansfield mwaka wa 1766, wakati bima ilikuwa ya meli na ngome za mbali ambazo mwenye kampuni London hangeweza kuziona kwa macho. Halafu mwaka wa 1929 kukawa na kesi ya wenye mabasi, Newsholme Brothers, ambao walimwambia ajenti ukweli, ajenti akaandika mengine kwa fomu, wao wakasaini. Korti ikasema ajenti alipokuwa anajaza ile fomu alikuwa mkono wao, si wa kampuni, kwa hivyo uongo ni wao. Niliposoma hiyo nilimfikiria mzee wetu wa Canter moja kwa moja, na yeye hata nafasi ya kumwambia ajenti ukweli hakupewa.

Sasa Waingereza wenyewe wameiacha kwa mtu wa kawaida. Walitunga sheria mpya 2012, ikaanza kufanya kazi 2013. Siku hizi huko kazi ya kuuliza ni ya kampuni, iulize swali wazi, na mteja kazi yake ni kujibu kwa uangalifu. Akikosea kwa kukosa uangalifu tu na si kwa nia mbaya, na kampuni ingemchukua lakini kwa bei ya juu, hawamnyimi yote, wanampunguzia klemu kulingana na ile bei angelipa. Aliyedanganya kwa makusudi, ama aliyejibu bila kujali kama ni kweli, ndiye anaweza kupoteza kila kitu. Mimi naona hiyo ni haki. Kwa nini sisi tuliorithi kanuni tubaki nayo wakati wenyewe wameirekebisha?

Wakati tunangoja Bunge, mwenye gari afanye nini? Usikubali kutumiwa cheti peke yake, itisha nakala ya ile fomu iliyojazwa kwa jina lako, ni haki yako kuijua maana wewe ndiye utaulizwa. Ukikuta kuna hapana ambayo si kweli, andika kwa kampuni yenyewe, si kwa ajenti peke yake, barua pepe ama barua ya kupelekwa ofisini na kupigwa muhuri, useme dereva fulani alipatikana na hatia ya kosa fulani tarehe fulani korti fulani, na uombe wakuthibitishie kwa maandishi kwamba wamepokea na bima inaendelea. Simu haitoshi. Aliyekuambia kwa simu "hiyo haina shida mathe" hatakuwa hapo wakati wakili anaandika. Na ufanye hivyo kila mara unaporenew, juu kurenew ni mkataba mpya, la mwaka jana ulilosema halikukingi na la mwaka huu ambalo hukusema. Mingine ya hiyo mikataba inakutaka useme hata katikati ya mwaka dereva akishtakiwa, kwa hivyo angalia masharti yako.

Wanaweza kukujibu mambo matatu, sawa hatuna neno, ama ongeza pesa, ama kiasi unachotoa mwenyewe kabla wao waanze kulipa kinapanda. Wengine watakataa kabisa huyo dereva. Kama wamekataa heri ujue leo, utafute dereva mwingine ama kampuni nyingine, na kwa hiyo nyingine useme pia kwamba ulikataliwa juu hilo nalo kawaida liko kwa fomu. Ikiwa unaona umeonewa, iko Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, wanapokea malalamishi na hauhitaji wakili kuwaandikia.

Na hao IRA nawaomba mambo mawili kupitia kwenu, mhariri. Fomu ya bima ya gari itoke kwa Kiswahili, kila kampuni, na swali la makosa liseme wazi ni miaka mingapi na makosa gani na linahusu akina nani. Katiba yetu kipengele cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na kipengele cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na kile ananunua. Bima ni kitu tunanunua kwa kulazimishwa na sheria, kwa hivyo hapo ndipo hiyo haki ingeanzia. La pili, cheti kisitoke kwa mfumo wa kidijitali mpaka mteja mwenyewe atumiwe yale majibu kwa simu yake na ayakubali kwa namba ya siri, vile tunavyokubali kutuma pesa. Kama inawezekana kwa shilingi 50 za M-Pesa, kwa mkataba wa milioni 3 inawezekana pia, na ajenti hatakuwa na kisanduku cha kumtilia mtu tiki.

Mwenye duka la spea,
Nakuru